Mbwa wangu hatoki getini kabisa. Chanjo ya kichaa ya nini?

#1 Baba Kulwa wa Kimara

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie kumaliza ubishi uliopo hapa nyumbani.

Nina mbwa wawili, jike na dume, mchanganyiko wa Kijerumani na hawa wetu wa kienyeji. Ukuta una futi 7, geti linafungwa muda wote, usiku wanafunguliwa bandani kulinda, asubuhi wanarudi. Barabara hawajawahi kuikanyaga. Pia kuna paka wa mama watoto, yule ana haki kwenye kochi kuliko mimi niliyelinunua.

Juzi kapita bwana mifugo wa kata anaandikisha wanyama wa kuchanjwa kichaa cha mbwa. Nikamwambia hawa wangu hawachangamani na mbwa yeyote, kichaa watakitoa wapi? Akacheka kidogo, akasema "sawa mzee, ukiamua utaniita", akaenda zake. Mke wangu tangu siku hiyo amenuna. Kwake yeye wachanjwe wote watatu, tena leo.

Najua ugonjwa upo na unaua, hilo sibishi. Ninachouliza ni hiki: mbwa ambaye hatoki, anakula ugali na dagaa humu humu ndani, kuna sababu gani ya kumchoma sindano kila mwaka? Au ndiyo zile biashara za watu? Wenye utaalamu karibuni, wenye matusi piteni kushoto.

#2 Kijana wa Mburahati

Nakaa hapa nikisubiri wataalamu. Ila mkuu, futi 7 paka wa jirani anaruka huku anapiga miayo.

#3 Mzee Jongo

Biashara tupu. Marehemu babu yangu alifuga mbwa zaidi ya kumi huko Kilosa, hata mmoja hakuchanjwa, na babu kafa kwa uzee wake. Mbwa akipata kichaa anapigwa rungu, mambo yameisha.

#4 Mama Tatu

Mzee wangu Jongo shikamoo. Mambo yameisha kwa mbwa. Kwa aliyeng'atwa je?

#5 Mganga wa Ng'ombe

Mleta uzi, bwana mifugo alipokwambia "ukiamua utaniita" usidhani mmekubaliana. Alikuwa na nyumba nyingine za kupita kabla jua halijazama. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), nimekaa halmashauri miaka kadhaa na sasa najitegemea Morogoro. Hoja yako ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote, tena kwenye nyumba zenye uwezo. Huko vijijini mtu anakuja na mbwa wake bila kuulizwa.

Mbwa wako hatoki, sawa. Kinachotembea ni kichaa chenyewe. Mbwa akishaugua anasahau mipaka yake, anaacha kwao, anakwenda umbali mrefu sehemu asizozijua, na chochote kinachojongea anakirukia. Sasa nenda kaangalie geti lako kwa chini. Likiwa na upenyo wa kupitisha pua, basi. Mbwa wa ndani akisikia mwenzake anapita nje anakimbilia wapi? Hapo hapo kwenye upenyo, anabweka, meno nje. Yule wa nje anamrarua mdomo, wewe umelala, asubuhi unaona kajeraha puani unasema kajikwaruza kwenye bati. Hakuna anayekumbuka kajeraha ka namna hiyo miezi miwili baadaye.

Na paka wa kwenye kochi, usiku hayuko kwenye kochi.

Virusi vikishaingia na mate kwenye kidonda havikimbilii kwenye damu. Vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Kwa mtu safari hiyo mara nyingi ni miezi 2 au 3, lakini inaweza kuwa chini ya wiki, inaweza kupita mwaka, inategemea umeng'atwa wapi na kwa kiasi gani. Aliyeng'atwa usoni hana muda kama aliyeng'atwa kisigino. Vikifika ubongoni vinashuka kwenye tezi za mate, na hapo mnyama anaanza kuambukiza, tena siku chache kabla wewe hujaona tofauti yoyote. Dalili zikishajitokeza, awe mbwa awe mtu, hospitali haina cha kukupa zaidi ya kukutuliza. Duniani wanakadiriwa kufa watu 59,000 kwa mwaka, hapa Tanzania kama 1,500. Zaidi ya asilimia 99 ya watu wanaupata kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Lakini nikiwa sebuleni kwa mtu kama wewe sianzi na hizo takwimu. Namuuliza swali moja: mbwa wako akimng'ata mtu kesho, utamwambia nini?

Mbwa wa ulinzi kazi yake kung'ata. Atamng'ata fundi wa maji, au dada wa kazi aliyekuja jana, au mtoto wa jirani aliyeparamia ukuta kufuata mpira. Ukiwa na kadi ya chanjo iliyo hai, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa: kidonda kinaoshwa, mtu anakwenda hospitali, mbwa anafungwa na kuangaliwa siku 10, wazazi wa mtoto wanalala. Kama hujachanja, unasema "hatoki huyu", na mama wa mtoto anakuuliza una uhakika gani. Huna. Sindano zote za yule mtoto ni zako, na nauli, na siku za kazi za mzazi wake. Shirika la Afya Duniani walikadiria wastani wa dola 108 kwa mgonjwa mmoja, dawa na safari na kipato kilichopotea. Chanjo ya mbwa ya mwaka mzima haifiki bei ya dozi moja ya mtu.

#6 Baba Kulwa wa Kimara

Daktari nashukuru kwa kunijibu bila kebehi. Nimetoka na tochi ya simu, chini ya geti ngumi inapita.

Hapo kwenye siku 10 sijaelewa. Kwa nini 10? Na kama mbwa wangu ndiye kang'atwa na huyo wa nje nikaona kwa macho yangu, inakuwaje?

#7 Mganga wa Ng'ombe

Siku 10 ni hesabu ya mate. Mbwa anaanza kutoa virusi kwenye mate siku chache kabla ya dalili, na dalili zikianza anakufa upesi. Kwa hiyo kama siku aliyomng'ata mtu mate yake yalikuwa na virusi, ndani ya siku 10 atakuwa anaumwa waziwazi au amekufa. Akifika siku ya 11 anakula, anabweka, anacheza, maana yake siku ile mate yalikuwa salama. Ndiyo maana mbwa aliyeng'ata hapigwi rungu hapo hapo kama hana dalili. Ukishamuua umejinyima jibu. Na mtu aliyeng'atwa haongojei hizo siku 10 ziishe ndipo aende hospitali. Anakwenda siku ile ile, mbwa akitoka salama ndipo daktari wake anaamua kama sindano zilizobaki zisitishwe.

La pili ndilo linaloumiza. Mbwa aliyechanjwa akigusana na mwenye kichaa anaongezewa sindano haraka na anaangaliwa siku 45. Asiyechanjwa, ushauri wetu wa kawaida ni kumlaza kwa sindano, yaani afe bila maumivu, au afungwe peke yake miezi kadhaa bila mtu kumgusa. Nimewahi kumpa mzee mmoja uchaguzi huo mbele ya wajukuu zake. Sitamani kurudia.

#8 Mtoto wa Mahenge

Naomba niongeze moja ambalo watu hawalijui. Wengi tunadhani mbwa mwenye kichaa ni yule wa kwenye hadithi, macho mekundu, povu, anakimbiza kila mtu. Sisi kijijini alikuwepo wa shemeji yangu, mbwa mpole kupita kiasi, siku moja kakaa tu chini ya mwembe. Taya la chini limeshuka, ulimi nje, mate yanachuruzika, anajaribu kunywa maji kwenye sufuria yanamwagika pembeni. Anasogeza mdomo, anarudi nyuma, anasogeza tena. Kila aliyepita alisema huyu kakwamwa na mfupa.

Shemeji akamshika, akamfungua mdomo, akaingiza vidole hadi kooni kutafuta mfupa. Hakung'atwa hata kidogo. Mbwa alikuwa amelegea hana nguvu ya kufunga taya. Mfupa haukuwepo. Keshokutwa yake mbwa kafa.

Bahati kulikuwa na nesi wa zahanati aliyepanga pale nyumbani, akauliza mikono ya shemeji ina mikwaruzo? Alikuwa anapasua kuni asubuhi ile, vidole vimechanika chanika. Yule dada hakumpa nafasi ya kubisha, akamwosha kwa sabuni, akamtuma wilayani kwa bodaboda. Alichoma sindano zake zote na mpaka leo anatusumbua kwenye vikao vya ukoo.

#9 Mganga wa Ng'ombe

Mtoto wa Mahenge umesema jambo kubwa. Hicho ndicho kichaa cha kupooza, na kwa watu wa nyumbani kina hatari yake kwa sababu hakitishi. Misuli ya koo na taya inapooza, mnyama hawezi kumeza, mate yanajaa. Kwa ng'ombe ni hivyo hivyo: anatoa mlio wa ajabu, hali, mate yanavuja, mfugaji anaingiza mkono mzima kutafuta kilichokwama. Ukikuta taya limeshuka na hukuona mfupa ukiingia, usiweke mkono.

Na hili la mbwa kuogopa maji msilitegemee. Kuogopa maji ni dalili ya mtu. Mbwa mwenye kichaa unaweza kumkuta ameingiza pua kwenye ndoo.

#10 Mzee Jongo

Daktari unatisha watu. Tatizo la mji huu ni mbwa koko, na halmashauri zikifanya kazi yake mbwa wote wa mitaani wakauawa kichaa kitatoka wapi? Zamani walikuwa wanapigwa risasi na mji ulikuwa safi.

#11 Mganga wa Ng'ombe

Mzee wangu, heshima yako. Hilo limejaribiwa sehemu nyingi. Kisiwa cha Flores kule Indonesia kichaa kiliingia mwaka 1997 na wakaua mbwa kwa wingi sana, ugonjwa ukabaki. Bali mwaka 2008 wakaanza kwa njia hiyo hiyo, ukasambaa kisiwa kizima, na kesi zikaanza kushuka walipogeukia chanjo ya mbwa wengi kwa mpigo.

Sababu haina uchawi. Kwanza, wengi tunaowaita koko wana wenyewe, wanakula kwa mama fulani jioni, mchana wanazurura. Ukiwaua, mwenye mbwa anatafuta mtoto mwingine kwa jirani ndani ya muda mfupi, na huyo hana chanjo. Pili, unaua na waliochanjwa, kinga ya mtaa inashuka. Tatu, watu wanawahamisha mbwa wao kuwaficha kwa ndugu wilaya nyingine, na kama kuna aliyeambukizwa umemsafirisha mwenyewe.

Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu kule Serengeti na Ngorongoro kwa miaka, nyumba kwa nyumba, walikuta kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa kwa wastani anaambukiza mbwa mmoja na kidogo tu. Ni ugonjwa unaoua sana lakini hausambai kwa kasi kama surua. Ndiyo maana ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ukarudia kila mwaka, unakatika. Asilimia 70, hata siyo wote.

#12 Mpemba wa Wete

Nathibitisha. Kwetu Pemba kulikuwa na mradi mkubwa wa chanjo kuanzia 2010, ule ule uliokuwa Lindi na Mtwara na wilaya nyingine za kusini. Kichaa kikatoweka kisiwani. Halafu watu wakalegea, chanjo ikasimama, 2016 kikarudi kwa mbwa walioingia kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena kikaisha tena. Bahari yote ile haikukizuia, sembuse ukuta wa Kimara.

#13 Baba Kulwa wa Kimara

Hahaha Mpemba umenipiga za uso.

#14 Bi Rukia wa Langoni

Asalaam aleikum. Mie naandika kutoka Lamu. Mbwa kwetu si sana, ila paka ndio wenyeji wa mji, sisi wapangaji. Nina wangu wanne wa nyumbani na wengine wanakuja saa ya samaki. Juzi mmoja kampara mwanangu mkononi wakigombania kichwa cha samaki, damu ikatoka kidogo. Nimemuosha nikamtia dawa ya kidonda. Je, na paka nao wana kichaa, au nisijitie hofu bure? Na paka huchanjwa kwa chanjo gani, ya mbwa au yao?

#15 Mganga wa Ng'ombe

Waaleikum salaam Bi Rukia. Paka anapata kichaa na anaweza kumwambukiza mtu, kwa kung'ata na hata kwa ukucha alioulamba. Paka mwenye kichaa mara nyingi hajifichi, anakuja usoni, na meno yake membamba yanaingia ndani sana huku kidonda kwa juu kinaonekana kitu kidogo. Mara nyingi paka anaupata kutoka kwa mbwa, hivyo mahali mbwa ni wachache hatari inapungua. Haiishi.

Kwa mtoto: mkwaruzo wa paka wa kawaida aliyekuwa anagombania samaki hautishi kama wa paka mgeni aliyekuja kumvamia mtu bila sababu. Lakini umesema damu imetoka, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya leo, usingoje uone. Waeleze paka gani, amechanjwa au la, na yuko wapi sasa. Huyo paka mfungie ndani uangalie siku zile 10. Na kuosha, ikitokea tena, ni maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, siyo kumwagia na kufuta. Sabuni inaviua virusi vyenyewe. Msipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala kitunguu, mnachubua nyama na kuvifungulia njia.

Chanjo ni ile ile ya mbwa. Karibu zote zinazouzwa zimeandikwa kwa mbwa na paka pamoja. Anachomwa chini ya ngozi akishafika miezi 3, anarudiwa baada ya mwaka, kisha kwa utaratibu wa chanjo yenyewe na sheria ya mahali ulipo. Huku kwetu tunachoma kila mwaka.

#16 Msafiri wa Masii

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Machakos. Sisi Kenya mpango wa taifa wa kumaliza kichaa ulianza 2014 unaenda hadi 2030, na kaunti za kwanza zilikuwa Makueni, Siaya, Kisumu, Kitui na hii yetu. Nimesaidia kwenye zile siku za chanjo sokoni. Wanaoleta mbwa ni watoto, mtoto wa darasa la tatu anavutwa na mbwa mkubwa kumshinda, kamba ya mkonge, mbwa wanapigana kwenye foleni, vumbi, kelele, daktari anadunga huku karani anaandika kadi kwenye boneti ya gari. Mzazi ako shambani. Mbwa mkali wa kweli haletwi kwa sababu mtoto hawezi kumshika, na ule ukali wake ndio ungetufaa tumdunge. Kwa hivyo Baba Kulwa, hawa wa kwako ndio wale kampeni huwakosa kila mara.

Na kwa sheria yetu, Sura ya 365, kichaa cha mbwa kina sheria yake peke yake. Si hiari ya mtu.

#17 Neema K

Samahani kuwaingilia. Mimi wangu nilimchanja alipokuwa mdogo, ile ya mchanganyiko, kliniki waliniambia inakinga magonjwa mengi. Kwa hiyo kichaa kipo humo humo sio?

#18 Mganga wa Ng'ombe

Neema, hapo ndipo wengi wanaponaswa. Chanjo za mseto nyingi ni za magonjwa mengine ya mbwa kama distempa, parvo, homa ya ini na leptospira, na kichaa mara nyingi kinachomwa peke yake. Toa kadi yako sasa hivi uiangalie. Kila chupa ya chanjo ina kibandiko kidogo chenye jina na namba ya toleo, daktari anakibandua na kukibandika kwenye kadi pembeni ya tarehe. Tafuta kibandiko kilichoandikwa cha kichaa. Kama hakipo, na hakuna ulipoandikiwa, hesabu hajachanjwa. Kama kadi yako ina tiki za peni tu bila kibandiko hata kimoja, rudi kwa aliyekuchomea umuulize alichoma nini.

Na sindano ya minyoo siyo chanjo! Kuna watu wanaapa mbwa wao amechanjwa kumbe alichomwa dawa ya minyoo na kupe.

#19 Kijana wa Mburahati

Daktari vipi nikinunua mwenyewe duka la dawa za mifugo nikamchoma? Dozi naona wanauza, na sindano naweza, kuku wangu nachoma mwenyewe.

#20 Mganga wa Ng'ombe

Kuchoma chini ya ngozi ya shingo hakushindi mtu, hapo nakubali. Shida ni chupa imetoka wapi. Inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Kusema kweli, kuna chanjo moja inayotumika sana hapa nchini ambayo watafiti waliipima wakakuta bado ina nguvu baada ya kukaa nyuzi 25 kwa miezi 6, na nyuzi 30 kwa miezi 3. Hiyo imesaidia sana vijiji visivyo na umeme, chanjo inaachwa kule kule na kazi inafanyika mwaka mzima. Lakini hiyo ni chanjo moja, na kuna rekodi ya joto lake. Wewe dukani hujui friji ilizimwa usiku mara ngapi kuokoa umeme. Mbwa hatakuonyesha kwamba chanjo ilikufa. Utaishi na kadi uliyojiandikia mwenyewe, na siku mbwa akimng'ata mtu hakuna atakayeipokea.

Chanjo yenyewe ni ya virusi vilivyouawa, haiwezi kumpa mbwa kichaa, maana najua swali linalofuata. Anaweza kuvimba kidogo pale alipochomwa au kulala lala siku moja. Na kinga haiji siku ile ile, mpe wiki 3 hadi 4.

#21 Mama Tatu

Wanaosema wanachoma wenyewe hawa hawa ndio keshokutwa wanaanzisha uzi "wakuu nimejichoma sindano ya mbwa". 😂

#22 Mwana wa Stuttgart

Kwa faida ya walio nje au wanaotaka kuhama na mbwa wao: nilimtoa wangu Dar kumleta Ujerumani. Chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, ndipo chanjo ya kichaa, usigeuze, chanjo iliyotangulia chipu hawaihesabu. Baada ya siku 30 damu inapimwa kwenye maabara wanayoikubali, kinga ifike angalau uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita, halafu unasubiri miezi 3 tangu damu ilipotolewa ndipo mnyama anaruhusiwa kuingia. Anzeni mapema, tiketi yangu ilibadilishwa kwa sababu hiyo.

#23 Mzee Jongo

Mbwa anapimwa damu kuliko mimi. Dunia imekwisha.

#24 Dogo wa Shimoni

Na popo je? Kwetu huku Kwale mapango yamejaa popo, watoto wanachezea.

#25 Mganga wa Ng'ombe

Dogo, watoto waache kabisa. Popo wa Afrika wana virusi ndugu wa kichaa, siyo kile kile cha mbwa. Kimoja kimepewa jina la hapo hapo kwenu, Shimoni, kilipatikana kwa popo mwaka 2009. Na 2007 mgeni mmoja kutoka Uholanzi aliparwa na popo Tsavo Magharibi, akaenda kufia kwao kwa aina nyingine. Ni nadra mno, ila aliyeparwa na popo anakwenda hospitali kama aliyeng'atwa na mbwa. Panya na sungura wa kufuga hao msiumie vichwa.

#26 Baba Kulwa wa Kimara

Wakuu mrejesho. Nimempigia bwana mifugo, kasema atakuja Jumamosi, ila kanipa sharti. Chupa aliyonayo ni ya dozi 10, ikishatobolewa inatakiwa iishe siku hiyo hiyo, kwa hiyo nimtafutie wanyama wa kutosha au nisubiri siku ya kampeni. Nimepita kwa majirani jana jioni. Nimepata mbwa sita na paka mmoja ukiacha wangu watatu, imetimia kamili. Yule mzee wa nyumba ya kona mwenye mbwa wawili wa kuzurura alidhani nimetumwa na serikali ya mtaa kumtoza faini, ilibidi ninywe chai kwanza.

Mama watoto ameanza kuongea na mimi.

Maswali mawili ya mwisho kwa daktari. Kati ya hao sita kuna watoto wawili hawajafika miezi 3, na jike la jirani lina mimba. Wachanjwe au niwatoe kwenye hesabu? La pili, dume langu halishikiki na mgeni, hata mimi likiwa limekasirika naliogopa.

#27 Mganga wa Ng'ombe

Kazi nzuri. Watoto wachanjwe. Kwenye kampeni tunachanja wa umri wowote, ila waandike pembeni warudiwe wakishavuka miezi 3, na uwakumbushe wenyewe maana watasahau. Kwenye hizo asilimia 70 wanaotuangusha mara nyingi ni watoto, kila mtu anasema bado mdogo, kampeni inapita, wanakua bila chanjo. Jike lenye mimba lichanjwe pia, halina shida, lishikwe kwa upole tu.

Dume: Ijumaa usiku usimfungue kabisa, abaki bandani, na asubuhi asile mpaka achomwe. Mfunge mkanda na mnyororo wewe mwenyewe kabla bwana mifugo hajafika, siyo akiwa getini. Chukua bandeji pana au kitambaa kirefu, zungusha mdomoni mara mbili, pishanisha ncha chini ya taya, kafunge nyuma ya masikio. Mpitishe mnyororo kwenye nondo ya banda, umvute hadi bega liguse nondo, achomwe kwa nje. Sekunde chache. Watoto wa nyumba wasiwepo, kelele zao ndizo zinazompandisha. Na huyo awe wa kwanza kwenye foleni, kabla hajasikia wenzake wanalia.

#28 Baba Kulwa wa Kimara

Banda lina nondo, sawa. Paka ndiye sijui nitampata wapi Jumamosi asubuhi.

#29 Mama Tatu

Mfungie chumbani Ijumaa na dagaa. Na siku yenyewe gunia la katani au foronya, kichwa nje. Usimshike kwa mikono mitupu mbele za watu, utaaibika.